Ngozi Inayobaki Kilo Zikishaondoka

Mtu anayetaka kupungua kilo tano haulizi habari za ngozi. Anayetaka kupungua kilo 40, 50 au zaidi huuliza, na mara nyingi huuliza kwa sauti ya chini, maswali mengine yote yakishakwisha: ngozi yangu itakuwaje? Nimeulizwa hivyo na ndugu, na majirani, na watu niliokaa nao kwenye benchi la kliniki tukisubiri kuitwa. Wapo waliofika mahali pa kusema heri wabaki walivyo kuliko kubaki na ngozi inayoning'inia.

Mimi nilipungua karibu kilo 60 nikiwa nimeshavuka miaka 40, na ngozi ilibaki. Ilibaki tumboni zaidi, kisha mikononi na mapajani, na kidogo kifuani na chini ya kidevu. Naandika kama mtu anayeishi nayo, anayeiosha na kuivalisha kila siku, na ninachoamini nitakisema mapema: sehemu kubwa ya jambo hili huwa imeshaamuliwa kabla hujaanza kupungua. Kuacha kupungua njiani hakurudishi kitu.

Chini ya ngozi hii ya juu tunayoiona kuna tabaka nene zaidi lenye nyuzi za aina mbili zinazotuhusu hapa. Kolajeni huipa ngozi uimara, elastini huirudisha mahali pake ikivutwa. Kolajeni mwili huendelea kuitengeneza maisha yote, ingawa kasi hushuka umri unavyosogea. Elastini ina habari yake. Karibu yote hutengenezwa mtoto akiwa tumboni na katika miaka ya utoto, na baada ya hapo mwili hauongezi kiasi cha maana. Ile ya utotoni ndiyo tunayozeeka nayo. Sasa ngozi ikivutwa na mafuta mwaka baada ya mwaka, nyuzi hizo huchoka na nyingine hukatika, na ile michirizi tunayoiona tumboni na mapajani ni alama za mahali ambapo tabaka la ndani lilichanika. Mpira wa kiunoni mwa sketi uliovutika miaka mingi haurudi kwa sababu tu aliyeivaa amekonda.

Ndiyo maana watu wawili wanaweza kupungua kilo zilezile, mmoja akabaki na ngozi iliyokaa vizuri na mwingine akabaki na mikunjo. Inategemea ulibeba uzito miaka mingapi, ulifika wapi ulipokuwa mzito kuliko wakati wowote, una umri gani, umebeba mimba ngapi, na umerithi ngozi ya namna gani. Sigara huiharibu kolajeni, na jua kali la miaka mingi huharibu kolajeni na elastini pia. Katika orodha hiyo, mambo yaliyobaki mkononi mwako leo ni machache. Kuacha sigara ni moja. Kujikinga na jua ni jingine. Mengine yameshapita, na kuyalilia hakusaidii.

Aliyenifumbua macho ni daktari wa ngozi, mama mtu mzima mwenye maneno machache. Nilikwenda kwake nikiwa bado kwenye mwaka wa pili wa kupungua, nimeshuka kilo kama 40, na nikamwambia nataka kusimamia hapo kwa sababu tumbo limeanza kutisha. Hakunijibu. Aliniambia, "Dada, hebu nyoosha mkono," akabana ngozi ya chini ya mkono wa juu kwa vidole viwili, gumba na cha shahada. Vidole karibu vikutane. Kilichokuwa katikati kilikuwa chembamba, laini, kinateleza. Kisha akaniambia nilale, akabana mkunjo wa chini ya kitovu kwa vidole vilevile. Safari hii vidole havikukaribiana hata kidogo. "Mkononi ni ngozi," akasema. "Hapa bado ni mafuta, yamelegea tu. Usiyahesabu kuwa ngozi."

Jambo lile lilibadilisha kila kitu kwangu. Mafuta yanapopungua hayapungui kwa usawa, na yale ya mwisho kubaki huwa malegevu, hayana ule ugumu wa mwanzo. Ukiyashika unadhani ni ngozi. Tena yakiwa bado yamo ndani ya mkunjo huuongezea uzito na kuuvuta chini, kwa hiyo mwili huweza kuonekana vibaya zaidi ukiwa katikati kuliko utakavyoonekana mwishoni. Mtu anayesimama hapo kwa ajili ya kuogopa ngozi anasimama mahali pabaya kuliko pote. Tangu siku ile, yeyote anayeniambia ana ngozi imemlegea namwomba kwanza aibane, aone unene wa kilichomo.

Wengi hushauri kwenda polepole ili ngozi ipate muda wa kurudi. Nimelisikia hilo kwa watu wengi wenye nia njema. Lakini hakuna ushahidi mzito kwamba kasi peke yake ndiyo inayoamua ngozi itarudi au haitarudi. Kinachojulikana vizuri ni kwamba anayeshuka haraka huku akila kidogo mno, bila protini ya kutosha na bila kunyanyua kitu kizito, hupoteza misuli pamoja na mafuta. Na msuli ndio unaokaa chini ya ngozi na kuishikilia umbo. Ukipoteza vyote viwili, ngozi hubaki imefunika mahali patupu. Hili ni kweli kwa aliyepungua kwa kubadilisha anavyokula, kwa aliyefanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo la chakula, na kwa wanaotumia hizi sindano za kupunguza hamu ya kula, ambao wengine hushiba kabla hawajapata protini ya siku.

Mimi niliambiwa nilenge gramu 1.2 hadi 1.6 za protini kwa kila kilo ya uzito niliokuwa naukusudia, nikaigawanya kwenye milo yote badala ya kuirundika usiku. Mwenye ugonjwa wa figo asiige kipimo hicho kabla ya kuongea na daktari wake. Halafu nikaanza kunyanyua vyuma. Nilikuwa natembea sana, na kutembea kulinisaidia moyo na pumzi, ila hakukunijengea mikono wala mgongo. Vyuma vilijenga. Baada ya miezi mingi mabega yalijaa, mgongo ukanyooka, na mapaja yakapata umbo hata ngozi ya juu yake ikaonekana kutulia. Mkono wa juu ulipata nafuu kiasi. Ukiuinua, ngozi bado inashuka. Tumbo halikusikia lolote. Zoezi la tumbo huimarisha msuli, haliwezi kufupisha ngozi, na anayekuahidi vinginevyo anakupotezea nguvu. Kwa waliozaa kuna jambo jingine la kupimwa: misuli miwili ya mbele ya tumbo huweza kuachana katikati wakati wa mimba, na tumbo likaendelea kutokeza hata mafuta yakiisha. Mtaalamu wa viungo anaweza kulitambua hilo kwa kukugusa tu ukiwa umelala na umeinua kichwa.

Kuhusu krimu nitasema kwa kifupi kwa sababu zinaniuma. Watu waliochoka na wenye aibu wanauziwa vichupa vya kukaza ngozi, mikanda ya kutoa jasho, na vidonge vya kila jina. Krimu hulainisha, hupunguza mwasho, na kumfanya mtu auguse mwili wake kwa upole, na hilo peke yake lina maana. Ila hakuna krimu inayopandisha mkunjo uliokwisha kushuka. Dawa za ukoo wa vitamini A ambazo madaktari wa ngozi huandika huweza kuongeza kolajeni pole pole, hasa usoni, na hazimfai mwanamke mwenye mimba. Mashine za kupasha joto ngozi husaidia ulegevu mdogo. Mwenye pazia la ngozi tumboni akizitegemea atalipa bure.

Sasa nije kwenye jambo ambalo ningependa lisemwe kwa sauti, maana kila mtu anazungumzia kioo na hakuna anayezungumzia chini ya mkunjo. Ngozi mbili zikilaliana, hewa haipiti. Jasho linakaa, joto linapanda, ngozi inasuguana na ngozi, na baada ya muda inakuwa nyekundu au nyeusi kuliko jirani yake, inawasha, inachubuka. Fangasi hupenda mahali kama hapo. Kwangu ilianzia chini ya tumbo, ikaja kinenani, na wakati wa joto chini ya matiti. Ikawa na harufu. Nilikuwa naoga mara mbili kwa siku na harufu ilirudi kabla ya jioni, na nikaanza kukaa mbali na watu, nikikwepa kukumbatiwa hata na wanangu. Mwanamke msafi, aliyejitahidi miaka miwili, akidhani ananuka kwa uchafu wake. Haikuwa uchafu. Ulikuwa ugonjwa wa ngozi wenye sababu na wenye dawa, na nauandika hapa ili anayeupitia asiuonee aibu.

Dawa yake kubwa ni ukavu. Nikitoka kuoga nalala chali kitandani, nauinua mkunjo kwa mkono wa kushoto, na kwa mkono wa kulia nakausha kwa kitambaa laini cha pamba, kwa kugusagusa. Sisugui, maana kusugua huchubua. Naanzia ubavu mmoja nakwenda hadi wa pili, kisha pale kwenye kona ya nyonga ambapo unyevu hujificha. Kisha nakaa hivyo hivyo, mkunjo umeinuliwa, hadi hewa ipite na ngozi iwe baridi mkononi. Pale panaposuguana napaka marhamu ya zinki, kidogo, iwe kinga kati ya ngozi na ngozi. Mchana wa joto naweka kipande cha pamba safi ndani ya mkunjo na kukibadilisha kikilowa. Sabuni yangu haina manukato. Nguo za ndani ni za pamba, na ninapofanya mazoezi navaa ile ya kubana inayoushika mwili wote usirukeruke.

Fangasi wakishaingia, ukavu peke yake hautoshi. Inatakiwa dawa ya kupaka ya fangasi, na unaimaliza kama ulivyoelekezwa hata mwasho ukiwa umekoma. Naomba sana watu wasichukue krimu yoyote ya upele bila kuuliza. Nyingi zina steroidi. Zinatuliza mwasho haraka, mtu anafurahi, kumbe fangasi anaendelea kuenea na ngozi ya pale mkunjoni inazidi kuwa nyembamba. Na fangasi wakirudi tena na tena, pimeni sukari. Sukari ikiwa juu, fangasi hustawi.

Daktari yule aliniambia pia niandike: upele umetokea lini, nimetumia dawa gani, umepona au umerudi. Alinishauri nipige na picha. Niliona ni kazi ya bure, lakini kumbukumbu hizo ndizo zilizonisaidia baadaye, kwa sababu daktari wa upasuaji, na popote penye bima ya afya, hutaka kujua kama ngozi inaleta ugonjwa usiosikia dawa au inasumbua kwa sura tu. Majibu ya maswali hayo mawili huwa tofauti.

Nilifanyiwa upasuaji wa kuondoa ngozi ya tumbo. Sikuukimbilia. Uzito wangu ulikuwa umetulia zaidi ya mwaka, na wengi hutaka utulie angalau miezi sita. Waliopungua kwa kukatwa tumbo la chakula huambiwa wangoje mwaka mmoja hadi mwaka na nusu tangu siku ile. Anayefanyiwa huku bado anashuka atabaki na ngozi nyingine ya ziada, na anayepanda tena ataivuta iliyoshonwa. Mwanamke anayetarajia kuzaa hushauriwa azae kwanza. Mvutaji sigara huambiwa aache wiki kadhaa kabla, na hili halina mjadala, kwa sababu nikotini hubana mishipa midogo ya damu na kidonda hukosa damu ya kukiponya. Walinipima pia wingi wa damu, madini ya chuma na protini, kwani mtu aliyepungua sana anaweza kuonekana mzima huku akiba yake ya ndani imekwisha.

Kuna upasuaji wa aina mbili ambazo watu huzichanganya. Mmoja huondoa lile pazia la chini tu na kushona. Wa pili, pamoja na kuondoa ngozi, huifunga misuli iliyoachana na kukihamisha kitovu mahali pake. Mimi nilifanyiwa wa kwanza, uliolenga upele. Kovu linaanza nyonga moja linaishia nyonga nyingine. Nilipoamka kutoka kwenye nusu kaputi nilikuwa na mipira miwili inayotoa majimaji, na dada yangu ndiye aliyekuwa anapima kila siku yaliyotoka na kuandika kwenye daftari. Siku za mwanzo sikuweza kusimama wima. Nilitembea nimeinama, maana tumbo lilikuwa limevutika. Nililazimishwa kutembea hivyo hivyo, chumbani hadi mlangoni, ili damu isigande miguuni. Vazi la kubana nilivaa wiki nyingi. Uvimbe ulichukua miezi kwisha, na hadi leo kuna sehemu juu ya kovu ambayo nikiigusa sihisi kitu. Kona moja ya kidonda ilifunguka kidogo, ikatibiwa kwa kusafishwa na kufungwa hadi ikajifunga. Hayo yote niliambiwa kabla: majimaji kujikusanya, maambukizi, kidonda kufunguka, damu kuganda. Daktari asiyekwambia hayo usimpe mwili wako.

Upele umekwisha. Ningeulizwa leo, ningekubali tena.

Mikono sijaifanya, na sababu yangu ni hii. Kovu la mkono hupita upande wa ndani, kutoka kwapani hadi karibu na kiwiko, na halijifichi ndani ya nguo kama la tumbo. Nina keloidi, yaani kovu linaloota na kuvimba kupita kidonda chenyewe, sikioni tangu nilipotobolewa nikiwa msichana. Keloidi huwapata zaidi watu wenye ngozi nyeusi, na aliyewahi kuota moja yuko katika hatari ya kuota nyingine. Kwa tumbo niliukubali wasiwasi huo kwa sababu kulikuwa na ugonjwa wa kuondoa, na nashukuru kovu limelala. Mkononi hakuna ugonjwa. Kuna ngozi inayocheza nikipunga mkono, na naipendelea kuliko kovu lililovimba ambalo lingeniwasha miaka yote. Mwingine asiye na keloidi anaweza kuamua tofauti na akawa sawa kabisa.

Sitasema ngozi hainisumbui moyo. Kuna siku naiona bafuni na roho inashuka, hasa mapajani. Mume wangu hajawahi kusema neno, ila ilinichukua muda kuamini ukimya wake ni wa kuridhika. Pamoja na hayo, magoti yangu hayalii tena. Watafiti waliopima watu wenye maumivu ya goti walikuta kila kilo moja inayopungua mwilini hupunguza takriban kilo nne za mzigo kwenye goti kwa kila hatua. Mimi ngazi ndiyo iliyonionyesha hivyo kabla sijasikia hesabu hiyo. Dawa za presha daktari amezipunguza. Ngozi iliyolegea haikunizuia kupata lolote kati ya hayo.

Hivi karibuni mtoto wa dada yangu, kijana wa miaka ishirini na kitu, alikuja akiwa amepungua sana na uso umemwiva kwa wasiwasi. "Mama mdogo," akasema, "kifua kimeanza kushuka. Nikiendelea nitaharibika." Nilimwambia abane. Akabana, akanyamaza, akabana tena: mafuta bado yalikuwepo, mengi. Nikamweleza kwamba kwa umri wake ngozi ina uwezo ambao yangu haikuwa nao, na kwamba huendelea kujikaza kidogo kidogo hadi mwaka mmoja au miwili baada ya uzito kutulia, kwa hiyo asihukumu kifua chake sasa. Nikamwambia pia kwamba kwa wanaume kifua kinaweza kuwa na tezi ya titi iliyokua, ambayo haiondoki kwa chakula wala kwa vyuma, na ni daktari anayeweza kuitofautisha na mafuta. Amepata miadi. Vyuma ameanza, na kupungua hajaacha.